Fundi Aliyenichagulia Taipureta

Ukimwendea kutafuta taipureta hakukuuliza unataka ya aina gani. Alikuuliza itakaa wapi. Itakuwa juu ya meza ama juu ya sanduku la nguo? Hiyo meza, miguu yake yote inagusa sakafu? Ukuta wa nyumba yako ni wa mawe, wa mbao ama wa udongo, na upande wa pili wa ukuta anakaa nani? Una watoto? Wanapanda meza? Unapika ndani ya chumba hicho hicho? Waliokuja na haraka walidhani anawachezea. Yeye alikuwa anapima, vile fundi wa nguo anavyopima mabega, na kabla hajamaliza kupima hakugusa mashine hata moja.

Tulimwita Fundi. Mafundi walikuwa wengi Nakuru miaka ile ya hamsini, wa saa, wa baiskeli, wa cherehani, wa redio, lakini ukimtajia karani yeyote wa mjini neno hilo peke yake, alijua unamsema yule mzee mfupi mwenye chumba kimoja nyuma ya maduka ya Wahindi, karibu na reli. Alivaa aproni aliyoikata mwenyewe kutoka kwenye turubai la jeshi. Miwani yake ilikuwa imekatika mkono mmoja, naye akaufunga kwa kipande cha utepe wa taipureta, kwa hivyo nyuma ya sikio la kushoto alikuwa na alama nyeusi ya wino ambayo sabuni haikuiondoa. Ufundi alijifunza jeshini wakati wa vita. Zaidi ya hapo hakueleza, na sisi hatukumchimba.

Mashine mpya hakuuza. Hakuzipenda. Rafu zake zilijaa mashine kuukuu zilizotoka kwa masetla, Wazungu wa mashamba, waliorudi kwao, kwa misheni, na kwa ofisi zilizobadilisha vyombo. Alisema mashine mpya bado haijakuambia itaharibika wapi. "Ya zamani imeshaharibika, ikatengenezwa. Mambo yake yote yako wazi. Mpya ni mgeni, na mgeni humjui mpaka akae."

Adui yake alikuwa vumbi. Miezi ya kiangazi, ziwa likikauka, upepo ulibeba unga mweupe wa magadi kutoka chini ukaumwaga mjini kote, ukaingia ndani ya chai, ndani ya macho, na ndani ya kila taipureta ya Nakuru. Fundi alifungua mashine, akapuliza, akapangusa kwa brashi ya kunyolea ndevu, kisha akaangalia kilichoanguka juu ya karatasi. Kwa vumbi peke yake alikuambia mashine imeishi wapi. Unga mweupe, ni ya mjini. Makapi ya ngano, ni ya Rongai ama Njoro. Siku moja mbele yangu alimfungulia mchungaji mmoja mashine aliyopewa zawadi, akasugua ile taka kati ya vidole, akamwambia, "Hii ilikuwa Ndabibi." Mchungaji alishtuka, akauliza amejuaje. "Huu mchanga ni mwepesi, unaelea. Ni ile mitaa ya mlima uliowahi kuwaka." Mchungaji alikwenda kuulizia, akarudi wiki iliyofuata kusema ni kweli. Fundi hakushangaa. Alimuuliza kama amenunua kifuniko.

Hakuwa mtu wa kujishusha, na sitamfanya awe hivyo kwa sababu tu simwoni tena. Alijua kazi yake na alijua kwamba anaijua. Memsabu mmoja wa Njoro alimletea mashine nzuri mara tatu, akilalamika kwamba inamuumiza mabega. Mara ya tatu Fundi alimwomba akae kwenye benchi apige mistari miwili. Akamzunguka akimtazama, akapiga magoti, akapima kwa shubiri toka sakafuni mpaka kwenye benchi.

"Mashine haina ugonjwa, memsabu. Kiti cha nyumbani ndicho kigonjwa. Kata miguu, hivi."

Akamwonyesha kwa vidole viwili. Siku hizo Mwafrika kumwambia mama wa Kizungu kwamba kiti chake ni kibaya lilikuwa jambo la kufikiria kwanza. Yeye hakufikiria. Yule mama alikata miguu ya kiti, mabega yakapona, na Krismasi akamletea keki.

Keki hiyo aliila juu ya meza ya kazi, makombo yakaanguka ndani ya mashine iliyokuwa wazi. Hapo ndipo alipokuwa mtu wa ajabu. Alikataza kila mtu kula karibu na taipureta, na yeye alikula mahindi ya kuchoma juu yake. Alihubiri kifuniko asubuhi mpaka jioni, na mlango wake ulishinda wazi ukikaribisha lile lile vumbi la ziwa. Alisema nyumba ya mtu anayejua kusoma isikose taipureta, na kwake haikuwepo. Mke wake, mama mpole aliyeuza mboga sokoni, aliniambia akicheka, "Kwangu chuma ni sufuria tu. Hizo zake zikifika mlangoni, mimi natoka."

Lakini kilichompa jina mjini ni majivuno yake kuhusu herufi. Alisema hakuna taipureta mbili zinazoandika sawa. Moja E yake imejaa wino tumboni, nyingine T yake inaegemea kulia, nyingine inaacha nafasi kubwa baada ya S. "Nikishaitengeneza mara moja, naijua," alikuwa akisema. "Kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto wake chumba cha pili." Makarani walimjaribu. Walimletea karatasi zilizopigwa ofisi tofauti, wakaficha kichwa cha barua, naye akazitenga moja moja: hii ya stesheni, hii ya hospitali, hii ya baraza la mji. Alianza na nyuma ya karatasi. Aliipitisha chini ya kidole gumba, akisikiliza kwa ngozi jinsi herufi zilivyogonga, ndipo akaigeuza na kuitazama. Sikuwahi kumwona akikosea.

Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, mwalimu wa pekee wa shule ndogo ndani ya shamba la ngano upande wa Rongai. Nyumba yangu ilikuwa ya udongo, vyumba viwili, nikikaa na mama yangu. Nilimwendea Jumamosi moja nimevaa viatu vyangu vya kanisani ili nionekane mtu mzima.

Aliuliza maswali yake yote. Kisha akauliza, "Unataka kuandika nini?"

"Masomo ya watoto. Vitabu viko vinne, na watoto ni zaidi ya hamsini."

"Kwa hivyo unataka nakala."

"Tano kwa mara moja, na karatasi ya kaboni."

"Tano!" Aliweka bisibisi chini. "Karatasi ya tano inataka mashine inayopiga kama nyundo. Na huyo mama yako, masikio yake?"

"Anasikia sana, Fundi. Tena kichwa chake kinamuuma akisikia kelele."

"Umeniletea watu wawili wanaogombana," akasema. "Karatasi ya tano, na mama."

Mimi macho yangu yalikuwa yameshachagua. Kwenye rafu ya juu palikuwa na mashine ndogo ya kijani, nyembamba, ina mkoba wake wa zipu. Nilijiona nayo nikishuka kwenye basi. Nikamwambia nataka ile. Hakubishana. Aliishusha, akaweka karatasi tano na kaboni kati yake, akaniambia nipige jina la shule. Nilipiga kwa nguvu zote. Akazitenganisha juu ya meza mbele yangu. Ya kwanza ilipendeza. Ya tatu ilikuwa kivuli. Ya tano ilikuwa nyeupe, ina vidoti kama mayai ya chawa.

"Huyu mtoto wa tano," akauliza, "atasoma nini?"

Nilirudi Rongai mikono mitupu. Jumamosi ya pili alinijaribisha mashine kubwa ya ofisi, na karatasi ya tano ilisomeka kama ya kwanza. Kisha akaniambia niibebe mpaka mlangoni. Nilifika katikati ya chumba, nikaiweka chini. "Na wakikuhamisha shule?" akasema, akairudisha mwenyewe kwenye rafu. Nilianza kukasirika. Nilimwambia kwamba mtu mwingine angeniuzia siku ya kwanza. Alikubali kabisa. "Wako wengi. Watakuuzia leo, na mwezi wa tatu utafunika nayo sukari isiingiwe na siafu."

Jumamosi ya tatu mashine yangu ilikuwepo. Nyeusi, ya kimo cha katikati, ya kabla ya vita, imetoka kwa familia ya wakulima wa viazi juu Dundori. Sanduku lake la mbao lilifunga vizuri. Alikuwa ameikatia kitanda cha blanketi la jeshi cha kuweka chini yake, mikunjo minne, ili meza isipige ngoma, na aliniambia niiweke mbali na ukuta, upana wa kiganja. Nilipiga karatasi tano. Ya tano ilisomeka. Niliibeba mpaka mlangoni na kurudi.

"Ina kilema," akasema kabla sijafurahi sana. Akapiga neno mama mara nyingi mfululizo, akanionyesha. "M inakaa chini kidogo. Inachechemea."

"Si utaitengeneza?"

"Naweza. Lakini huo mkono wa herufi umekunjwa sana na mtu aliyenitangulia. Nikiukunja tena unaweza kukatika, na wa kuweka mahali pake sina. Inaandika? Inasomeka? Basi uiache hivyo."

Masharti yake yalikuwa machache. Niifunike kila nikiondoka. Nisitie mafuta mahali ambapo yeye hajanionyesha. Na nipige kila siku, hata mstari mmoja, kwa sababu mashine ya nyumbani haiuawi na kazi, inauawa na kukaa. Nilimtii. Kila jioni kabla ya giza nilipiga hadithi fupi, mafumbo, hesabu, na asubuhi watoto walisoma watano watano, kila mmoja na karatasi yake. Sijawahi kumiliki kitu kilichonifaa vile. Na mama, ambaye kwa ajili yake tulizunguka Jumamosi tatu, aliizoea ile sauti hadi nikikaa kimya kidogo anaita kutoka chumba cha pili, "Kwani leo huandiki?"

Mambo yaliharibika wakati wa mavuno. Shule yetu ilikuwa jengo moja refu la mabati, wazazi walilijenga wenyewe kwa ruhusa ya shamba. Ngano ilikuwa nyingi mwaka ule. Meneja wa shamba alituambia anahitaji jengo kwa wiki mbili, akalijaza magunia mpaka kwenye dari. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa muhula. Nilifundisha nje, kando ya josho la ng'ombe, watoto wamekaa juu ya mawe wakiandika kwa kidole kwenye vumbi, na mvua ikinyesha tulitawanyika. Wazazi walikwenda kwa meneja wakiwa watatu, na mmoja wao, mkamuaji wa miaka mingi, alifukuzwa shambani siku hiyo hiyo na familia yake.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kwenda tena. Wakaja kwangu. Wakaniomba niwaandikie barua kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya, na nakala kwa misheni iliyosimamia shule yetu. Niliandika yote yaliyotokea, bila kuongeza chumvi. Chini sikuweka jina. Niliweka "Wazazi." Ilikuwa bado ni siku za Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya Kizungu. Barua ya taipu isiyo na jina ilikuwa kitu cha kumpeleka mtu kizuizini hata ikisema habari ya mvua, nami nilijua hivyo nilipokuwa nikiipiga.

Wiki tatu baadaye nilikwenda Nakuru kununua utepe wa wino. Fundi alikuwa na karani mmoja wa ofisi za mji aliyeleta mashine kusafishwa. Nilikaa kwenye benchi kungoja zamu yangu. Gari likasimama nje, akaingia inspekta wa polisi, Mzungu kijana aliyezaliwa hapa hapa bondeni, na kofia yake kwapani. Alitoa karatasi kwenye bahasha, akaiweka juu ya meza ya Fundi. Kutoka pale nilipokaa niliijua. Niliijua hata kwa mkunjo wake.

"Fundi," akasema kwa Kiswahili chao cha shambani, "watu nasema wewe iko najua mashine yote ya Nakuru."

"Ndivyo ninavyosema mwenyewe, Bwana Inspekta."

"Hii barua naleta matata Rongai. Jina hapana. Siku hizi barua bila jina ni mbaya sana. Nataka mashine yake."

Karani aliacha alichokuwa akifanya akasogea aone mchezo. Fundi alifuta vidole kwenye aproni. Alichukua karatasi, akaigeuza, akaipitisha nyuma chini ya kidole gumba, taratibu, mstari kwa mstari. Akaigeuza tena mbele. Akavaa miwani vizuri. Niliona kidole chake kinashuka ukingoni mwa karatasi, kinasimama, kinashuka tena. Neno la kwanza la barua ile lilikuwa "Mheshimiwa." Pale tu palimtosha.

Alikaa na ile karatasi muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa na karatasi yoyote. Nilifikiria mama, alivyokaa peke yake nyumbani na ile mashine juu ya blanketi lake.

"Hii siijui," akasema.

"Hujui? Ama hapana taka sema?"

"Siijui, Bwana. Macho yangu yamezeeka."

Karani aliangua kicheko. "Kumbe! Na kile kikohozi cha mtoto?"

Niliwaza Fundi atamrukia. Kwa maneno madogo kuliko hayo alikuwa amefukuza watu dukani. Alikunja barua vile ilivyokuwa imekunjwa, akamrudishia Inspekta kwa mikono miwili, akatabasamu kama mtu aliyeshikwa.

Inspekta hakuwa mjinga. Alizungusha macho chumbani, yakaniangukia. "Na wewe, msichana? Nakuja fanya nini?"

Kabla sijafungua mdomo Fundi alisema, "Huyo ni mwalimu, anangoja utepe. Nimemchelewesha."

Akanitupia utepe, nikaudaka. Inspekta aliandika kitu kwenye kitabu chake, akavaa kofia, akatoka. Gari lilipoondoka karani alikuwa bado anacheka, na kwa sababu yake hatukuweza kusema lolote. Fundi alinisindikiza mpaka mlangoni kama anavyomsindikiza mteja yeyote, akasema kwa sauti ya kawaida, "Kesho nina safari upande wa Rongai."

Jumapili alishuka kwenye lori amevaa koti la kanisani, na mfuko wa kitambaa mkononi. Alimsalimu mama, akauliza habari za kichwa chake, akala alichopewa. Kisha akakaa mbele ya mashine, akafunua, na kwanza akanigombeza: nilikuwa nimeacha taka chini ya rola. Akatoa koleo ndogo, nyembamba kama mdomo wa ndege.

"Fundi, ulisema huo mkono utakatika."

"Nilisema unaweza kukatika. Nyamaza kidogo."

Aliushika ule mkono wa M akaukunja kidogo sana, akaacha, akangoja. Akaukunja tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na mimi nilisikia kila kitu mle ndani, hata kuku nje. Mara ya tatu aliuachia, akaweka karatasi, akapiga. M ilisimama na wenzake kwenye mstari, imenyooka.

"Umeandika nini?" mama akauliza. Hakujua kusoma.

"Nimekuandika wewe, mama," Fundi akajibu, akampa ile karatasi.

Nikaanza kumshukuru. Nilikuwa nimepanga maneno tangu jana. Alinikatiza. "Ile barua umebana sana upande wa kushoto. Mtu akiitoboa aifungie kwenye faili, atakula maneno. Acha nafasi." Akafunga mfuko wake, akasimama barabarani kungoja lori la kurudi.

Jumatano polisi wawili walikuja shambani, wakapita kila nyumba yenye mtu anayejua kusoma. Walikuta taipureta yangu juu ya meza, haikufichwa. Mmoja akatoa maandishi aliyopewa, akaniambia nipige mistari mitano ile ile, na nilipiga bila kusita, kwa sababu tangu Jumapili nilikuwa nimepiga kurasa thelathini za masomo mahali pa zile za zamani, nilizokuwa nimezichoma. Waliweka karatasi mbili pamoja kwenye mwanga wa dirisha. Waliangalia sana M. Wakanishukuru, wakaenda.

Mwisho wa muhula msimamizi wa misheni alifika pamoja na afisa wa elimu. Waliwakuta watoto kando ya josho, wamekaa juu ya mawe. Hawakusema mengi mbele yangu. Walikwenda nyumbani kwa meneja, wakakaa huko mpaka chai ikapoa, na kesho yake asubuhi magunia yalianza kutoka. Wazazi waliyabeba wenyewe, wakiimba, walipomaliza wakafagia makapi kwa matawi. Yule mkamuaji hakurudishwa. Alipata kazi shamba jingine, na watoto wake walitembea mbali kuja kwetu.

Kwa Fundi mambo hayakwenda hivyo. Yule karani aliipeleka hadithi kila ofisi, na ilikuwa hadithi tamu: mzee wa kikohozi ameshindwa na karatasi moja. Wakimpita walikohoa kwa makusudi, wakimuuliza, "Huyu ni wa nani, Fundi?" Naye alicheka pamoja nao. Mimi ningependelea awatukane. Polisi waliacha kumpelekea mashine zao, kisha ofisi nyingine zikafuata, zikawa zinapeleka kwa kampuni moja ya Nairobi, zikisema huyu macho yamekwisha. Baada ya mwaka alihama kile chumba akawa anafanyia kazi barazani kwa Mhindi mmoja, rafu mbili tu. Bado aliwauliza watu meza yao ina miguu mingapi. Bado alikataa kuwauzia wasichohitaji. Sikumsikia hata siku moja akijitetea.

Nilihamishwa kwenda kufundisha Nakuru mjini. Hazikupita wiki nyingi, nikasikia kwa mama wa mboga, mke wake, kwamba wanarudi kwao magharibi. Nilikwenda stesheni wakati wa mapumziko ya asubuhi. Walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao kwenye jukwaa, behewa la daraja la tatu halijafunguliwa. Fundi alisogea, nikakaa.

Nilikuwa sijawahi kumuuliza, na niliona nisipouliza pale sitauliza tena. "Kwa nini ulikubali wakucheke?"

Hakujifanya hajui ninasema nini. "Nitakuambia. Miaka yote hii karatasi zimepita mkononi mwangu, na mimi huangalia herufi tu. Barua ya posa, barua ya kufukuza mtu kazi, kwangu zote ni A na E. Maneno si kazi yangu, siyasomi. Siku ile niliijua mashine mara moja. Lakini nilitaka muda, nifikirie nimwambie nini yule kijana, na mtu aliyeshika karatasi hawezi kuiangalia hivi hivi tu muda wote huo. Basi nikaanza kusoma, ili muda upite." Akaangalia reli. "Nikasoma ya watoto kuandika kwa kidole. Nikasoma ya yule mkamuaji. Hiyo ndiyo barua ya kwanza ya mtu mwingine niliyoisoma mpaka mwisho. Nilipofika mwisho nilikuwa nimeshajua nitajibu nini."

"Nilitaka kukushukuru."

"Usinisifu. Uongo ni uongo, nimeshaungama kwa mchungaji wangu. Lakini angerudi leo ningemjibu vile vile."

Mke wake alikuwa anasikiliza, mkono juu ya kapu. Nadhani naye alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza. Alimtengenezea kola ya koti.

Mlinzi akaja akafungua behewa. Nikashika sanduku lao upande mmoja, tukalipandisha. Fundi alipokwisha kukaa dirishani akaniita.

"Darasa lako la sasa lina watoto wangapi?"

"Arobaini na saba."

"Na saa hizi wako na nani?"

Nikaona aibu. "Wako peke yao. Nimewaachia hesabu ubaoni."

Alinitazama juu ya miwani. "Sasa unafanya nini hapa? Nenda!"

Nilimpa mkono kupitia dirishani, nikampa na mke wake, nikatoka mbio na viatu vyangu mkononi. Treni ilipopiga honi nilikuwa nimeshafika darasani, na watoto walikuwa bado kwenye hesabu ya tatu.